Sanfishi chotara katika bwawa dogo: kinachoahidiwa na kinachopatikana

Kila majira ya machipuko, malori yenye matangi ya maji huzunguka miji midogo ya kusini na katikati mwa Marekani na kuegesha mbele ya maduka ya vyakula vya mifugo. Wenye mabwawa hupanga foleni, hulipa, na huondoka na vifaranga wa samaki ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Katika orodha ya bei yumo mmoja anayepigiwa debe kuliko wenzake: sanfishi chotara. Husemwa kwamba anakua haraka, hazai, anakula vidonge vya chakula bila kubembelezwa, na anarukia chambo chochote. Kwa mtu mwenye kibwawa cha nusu ekari nyuma ya nyumba, anayetamani kusimama ukingoni jioni na ufito mwepesi akivua kwa nzi bandia, sifa hizo zinatosha kumtoa pesa mfukoni.

Mtu huyohuyo akimwendea ofisa wa uvuvi wa jimbo lake, huenda akaambiwa asithubutu. Jirani wa kwanza atamweleza kwamba chotara waliharibu bwawa lake. Jirani wa pili ataapa kuwa hajawahi kuvua samaki wazuri kama wale. Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja anazungumzia bwawa lake, kwa mwaka wake, na kwa haja yake, lakini wote huzungumza kana kwamba wanajibu swali moja. Ndiyo maana mnunuzi hubaki njia panda, na ndiyo maana inafaa kulichambua suala hili kuanzia kwenye mzizi: samaki huyu ni nani, anatatua tatizo gani, na gharama yake hulipwa na nani.

Wazazi na mtoto wao

Sanfishi ni jamii ya samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, wenye mwili bapa na mpana, na asili yao ni mashariki ya milima ya Rocky. Chotara anayeuzwa zaidi huzaliwa na wazazi wawili. Baba ni blugili, ambaye wanasayansi humwita Lepomis macrochirus: mdomo mdogo, doa jeusi kwenye ncha ya kifuniko cha shavu, mlaji wa wadudu na viumbe wadogo waeleao majini. Mama ni sanfishi wa kijani, Lepomis cyanellus: mdomo mpana, michirizi ya buluu mashavuni, hulka ya ukali, na uvumilivu mkubwa wa maji yenye tope na oksijeni haba.

Mchanganyiko huu haukubuniwa na binadamu. Maji yakifikia nyuzijoto 20 hivi, dume la sanfishi husogea kwenye kina kifupi na kupepea kwa mkia mpaka changarawe zifanye kisahani cha duara chenye upana wa sentimita 30 hivi. Kwa blugili, viota hivyo hukaa kwa makumi, kimoja kando ya kingine, na kila dume hulinda chake huku likiyapepea mayai yapate hewa. Jike huja, hutaga, huondoka. Mbegu za dume hutolewa majini, nje ya mwili, na mara nyingi madume madogo huvizia pembeni, hujipenyeza ghafla na kumwaga zao kabla mwenye kiota hajawafukuza. Maji yakiwa ya tope, au spishi moja ikiwa na wachache tu wasiopata wenza, mayai ya huyu hukutana na mbegu za yule, na chotara huzaliwa bila msaada wa mtu.

Anachofanya mzalishaji ni kuupanga mchanganyiko huo. Huchagua madume ya blugili na majike ya sanfishi wa kijani, mmoja mmoja kwa mkono, na kuwaweka katika bwawa lisilo na samaki mwingine yeyote. Kazi hiyo hudai jicho kali, kwa sababu dume moja la kijani likiponyoka macho ya mchaguaji, sehemu ya vifaranga watakaotoka humo watakuwa sanfishi wa kijani watupu. Uchaguzi ukifanywa vizuri, watoto huwa madume kwa wingi mkubwa, aghalabu 80 hadi 95 katika kila 100. Wazazi wakigeuzwa, blugili akawa mama na wa kijani akawa baba, madume hupungua. Kwa hiyo jina pekee halimwambii mnunuzi lolote la maana; linalomwambia ni nani alikuwa jike na nani dume.

Kwa nini bwawa dogo husumbua

Ili kuelewa kwa nini samaki mwenye madume mengi anathaminiwa, lazima tuanze na ugonjwa anaodaiwa kuutibu. Marekani ina mamilioni ya mabwawa madogo ya watu binafsi. Mengi yalichimbwa baada ya 1935, serikali ilipounda idara ya kuhifadhi udongo na kuwasaidia wakulima kukinga maji ya mvua. Swali la samaki gani wapandwe humo lilifanyiwa kazi kwa miaka mingi na mtafiti Homer Swingle huko Auburn, Alabama. Fomula iliyoenea kutokana na kazi ya kizazi chake ni rahisi kukumbuka: blugili kumi kwa kila besi mmoja wa mdomo mpana, yaani kama 1,000 kwa 100 kwa ekari ya bwawa lililorutubishwa, na nusu yake kwa lisilorutubishwa. Blugili huzaa, besi hula vitoto, wanaosalia hupata nafasi ya kukua, na mwenye bwawa huvua wote wawili.

Mpango huo hutegemea besi kufanya kazi yake. Jike la blugili hutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa msimu. Bwawa lisilorutubishwa lina uwezo wa kubeba kilo 50 hadi 90 hivi za samaki kwa ekari, na uwezo huo hauongezeki kwa sababu tu samaki wamezaliana. Tuseme ni kilo 80. Kilo hizo zaweza kuwa samaki 400 wa gramu 200, wanaojaza kiganja na kufaa kikaangoni. Zaweza pia kuwa samaki 4,000 wa gramu 20, wasiofaa kwa lolote, wenye macho makubwa kuliko inavyostahili miili yao kwa sababu wamezeeka bila kukua. Maji ni yaleyale, chakula ni kilekile, uzito ni uleule.

Katika ziwa la ekari 20 mizani hii hustahimili makosa. Katika nusu ekari haistahimili. Ukiwa na besi 50 tu, wageni wa wikendi chache wanaweza kuvua 20 na kwenda nao nyumbani, na mwaka unaofuata vitoto vya blugili vimejaa kila pembe. Magugu ya majini nayo yakishika robo tatu ya bwawa, vitoto hupata maficho ambayo besi hawezi kuyafikia. Mwenye bwawa huona samaki wengi na hudhani mambo ni mazuri, wakati ukweli ni kinyume chake.

Wanaomtetea chotara

Hapa ndipo hoja ya watetezi inapopata nguvu. Kama chanzo cha udumavu ni uzazi uliopita kiasi, basi punguza majike. Katika bwawa la chotara 300, majike wakiwa 30 tu badala ya 150, mayai hupungua mno, na chakula kilichomo huwafikia waliopandwa.

Sifa ya pili ni ukuaji wa miaka ya mwanzo. Chotara hurithi mdomo mpana wa mama yake, kwa hiyo huanza mapema kula wadudu wakubwa, vitoto vya samaki na vidonge vyenye ukubwa ambao blugili wa umri wake hawezi kuvimeza. Akilishwa vidonge vyenye protini ya asilimia 32 au zaidi, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika 10 hadi 15, hufikia gramu 200 hadi 350 bila tabu, na baadhi hupita hapo. Sifa ya tatu ni uvumilivu: mabwawa madogo hupata joto haraka, huchafuka tope baada ya mvua, na hupungukiwa oksijeni alfajiri kuliko maziwa, na damu ya sanfishi wa kijani humsaidia kuzihimili shida hizo.

Ya nne ndiyo inayowapendeza wavuvi. Chotara ni mkali na mwepesi wa kushika chambo. Mtoto wa miaka sita akirusha mshipi anarudi na samaki.

Udhaifu wa upande huu uko katika kile wasichokisema. Sifa zote nne ni za kizazi cha kwanza, kilichonunuliwa. Watetezi husimulia mwaka wa pili na wa tatu, bwawa linapong'aa, na hunyamazia wa sita. Samaki hawa huishi miaka mitano hadi saba hivi, na wakiisha, hakuna wa kuwarithi anayefanana nao. Tena blugili safi si mnyonge kama anavyosemwa: rekodi ya dunia ya blugili, iliyovuliwa katika ziwa Ketona huko Alabama mwezi wa Aprili 1950, ilikuwa ya samaki wa zaidi ya kilo 2. Chotara hushinda mbio za mwanzo, lakini blugili mwenye chakula na nafasi ya kutosha anaweza kumfikia.

Wanaompinga

Wapinzani huanza na neno moja linalorudiwa sokoni: tasa. Si kweli. William Childers wa Illinois, katika utafiti aliouchapisha 1967 kuhusu spishi nne za jamii hii, alionyesha kwamba chotara wengi wa kizazi cha kwanza wana uwezo wa kuzaa, na kwamba wingi wa kizazi cha pili hutegemea sana samaki gani wengine wamo bwawani. Majike 30 katika mfano wetu wa juu, kila mmoja akitaga mayai elfu chache, wanatosha kabisa kulijaza nusu ekari kama hakuna wa kuvila vitoto.

Kizazi hicho cha pili ndicho huvunja moyo. Nguvu ya uchotara hupotea, watoto hutofautiana, wengi hurudi kwenye sura na tabia ya sanfishi wa kijani, na hukua polepole. Aliyeamini neno "tasa" hakupanda besi, kwa kuwa aliona hawahitajiki. Baada ya miaka mitano ana bwawa la vijisamaki vya kijani vyenye uchu, vinavyodona kila kitu na visivyokua. Jirani wa kwanza, yule aliyesema chotara waliharibu bwawa lake, kwa kawaida kisa chake ni hiki.

Akipanda besi, hukutana na tatizo la upande wa pili. Kwa kuwa chotara huzaa vitoto vichache, besi hukosa chakula, hukonda na hudumaa. Anayetaka besi wakubwa na sanfishi wakubwa katika maji hayohayo ya nusu ekari anaomba vitu viwili vinavyopingana, na hakuna muuzaji atakayempa vyote.

Kisha zipo gharama. Bwawa la blugili na besi lililotunzwa vizuri linaweza kuendelea kwa miongo bila kununua kifaranga tena. Bwawa la chotara ni la kununua upya kila baada ya miaka minne au mitano, na wanaonunuliwa mara ya pili lazima wawe wakubwa kiasi, sentimita 10 hadi 15, la sivyo besi waliomo watawamaliza ndani ya juma. Samaki wa ukubwa huo bei yake iko juu mara kadhaa ya bei ya kifaranga. Juu ya hapo kuna vidonge, na vidonge huleta uchafu unaooza na kula oksijeni. Siku za mawingu na joto, bwawa lililolishwa kupita kiasi laweza kuua samaki wote kabla jua halijachomoza.

Hoja yao nzito kuliko zote inavuka ukingo wa bwawa. Maji hufurika, na samaki hufuata maji. Sanfishi wa kijani aliyepelekwa magharibi ya Marekani, kusikokuwa kwao, amekuwa adui wa samaki wadogo wa asili katika mito ya huko. Blugili naye ana historia yake Japani: mwaka 1960 Akihito, wakati huo mwana wa mfalme, alipewa zawadi ya blugili na meya wa Chicago, akawakabidhi kwa watafiti wa nchi yake. Walienea hadi ziwa Biwa na kula mayai na vitoto vya samaki wa asili, na mwaka 2007 Akihito, akiwa mfalme, alieleza hadharani masikitiko yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika habari ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza samaki hawa watafika wapi wakitoka.

Udhaifu wa wapinzani ni kwamba mara nyingi hulinganisha chotara na blugili aliyetunzwa vizuri. Mwenye nusu ekari hana uchaguzi huo. Akilinganishwa na blugili wa kawaida wa bwawa dogo lisilo na mtunzaji, waliojazana na kudumaa, chotara haonekani mbaya tena.

Njia nyingine

Baadhi hushauri sanfishi wa sikio jekundu. Ni samaki mzuri: hukua, huzaa kwa kiasi, na hula konokono, jambo linalopunguza vimelea ambao huhitaji konokono ili kukamilisha maisha yao. Lakini hutafuta chakula chini, vidonge havijali sana, na kwa nadra hupanda juu kuchukua nzi bandia. Anafaa kuongezwa kwenye bwawa la blugili. Peke yake hatamridhisha mvuvi wa jioni. Wengine hupanda blugili madume watupu waliochaguliwa kwa mkono. Kinadharia ni suluhisho zuri, ila jike mmoja aliyekosewa huharibu kazi yote.

Zanzibar, Malacca na somo la perege

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulifuatilia jambo hili, maana moja ya majaribio mashuhuri zaidi ya wazo hilohilo lilitumia samaki wa kwetu. Mabwawa ya perege hudumaa kama ya blugili na kwa sababu ileile: uzazi kupita kiasi. Mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling, akiandika kuhusu kazi iliyofanyika Malacca katika Malaya, alieleza kwamba madume ya perege wa asili ya mto Wami, waliochukuliwa Zanzibar, yakipandishwa kwa majike ya perege wa Msumbiji huzaa watoto ambao wote ni madume. Wafugaji waliona mlango umefunguka.

Jambo hilo lilikuwa na maelezo ya kijenetiki. Katika perege wa Msumbiji, jinsia huamuliwa na mbegu ya baba. Katika perege wa Wami, huamuliwa na yai la mama. Wakikutanishwa kwa mpangilio ule, hakuna upande unaoleta kinachohitajika kutengeneza jike. Lakini matokeo yalishikilia pale tu wazazi walipokuwa safi. Kila mara damu ilipochanganyika katika matangi ya wazazi, asilimia ya madume ilishuka, na kulinda usafi huo shambani kulikuwa kugumu. Sehemu kubwa ya ufugaji wa sato duniani hatimaye iligeukia kuwapa vifaranga homoni ili wawe madume.

Somo la pili liko nyumbani. Sato waliosambazwa nje ya maji yao ya asili wamechanganyika na perege wa kienyeji katika mito na mabwawa kadhaa ya Tanzania, na spishi ambazo hazipatikani kwingine duniani ziko hatarini kupotea ndani ya damu ya mgeni. Perege wa Wami mwenyewe, aliyeipa dunia jaribio lile, ni mmoja wa wanaoguswa. Kwa hiyo hakuna hoja yoyote ya kumleta sanfishi Afrika Mashariki. Tuna samaki wa kutosha, na tatizo la kutosha.

Nzi bandia hubadilisha hesabu

Sehemu kubwa ya mjadala huu huendeshwa kana kwamba samaki ni wa kuliwa tu. Lakini wengi wanaonunua chotara kwa bwawa dogo wanataka kuvua, na namna ya kuvua hubadilisha mizani.

Katika uvuvi wa nzi bandia, chambo hakina uzito wowote wa maana. Kinachorushwa ni mshipi mzito wenyewe, nao hukivuta chambo nyuma yake. Nzi hutengenezwa kwa manyoya, uzi, mpira au sponji ngumu juu ya ndoana ndogo. Hapa pana mkono wa Afrika Mashariki: mafundi wa Kenya kwa miongo mingi wamefunga nzi bandia kwa mikono kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Kwa blugili, mwenye mdomo mdogo, ndoana namba 10 au 12 ndiyo inayofaa. Chotara huchukua hata namba 8.

Chambo kinachopendwa ni buibui wa sponji mwenye miguu ya mpira. Hudondoshwa kando ya magugu, kisha mvuvi hafanyi lolote mpaka viduara vya maji vitulie. Miguu huendelea kutikisika yenyewe. Blugili mara nyingi hupanda polepole, husimama sentimita chache chini ya chambo na kukikagua, kisha hukifyonza kwa mlio mdogo. Asipovutwa upesi hukitema. Chotara hupunguza ukaguzi huo. Huja kwa kasi, hukimeza chote, na akishikwa hugeuza ubavu wake bapa dhidi ya mvutano na kuzunguka duara kwa duara, hata ufito mwepesi wa mita mbili na robo hupinda hadi mkononi. Adhuhuri ya kiangazi, samaki wakishuka kwenye kina, nzi mwenye uzito kidogo aachwe azame mita moja au mbili na avutwe taratibu.

Faida ya njia hii kwa bwawa dogo ni kwamba samaki hunaswa mdomoni, karibu kila mara. Aliyevuliwa kwa mnyoo mara nyingi huwa ameimeza ndoana hadi tumboni, na kumrudisha majini hai ni bahati. Kijino cha ndani ya ndoana kikiminywa kwa koleo, samaki huachiwa kwa sekunde chache. Bwawa ambalo kila samaki amenunuliwa na hatazaa wa kumrithi anayefanana naye linahitaji uvuvi wa namna hii, la sivyo litaisha kabla ya wakati wake.

Hata hivyo ule wepesi wa chotara kushika chambo una upande wake mbaya. Wavuvi wachache wenye hamu wanaweza kupunguza idadi yao vibaya ndani ya msimu mmoja, na wanaoachiwa hujifunza. Baada ya kunaswa mara kadhaa huanza kukagua kama baba yao. Kulisha nako huleta mgogoro. Samaki waliozoea vidonge hukusanyika wasikiapo nyayo, na nzi wa rangi ya kahawia aliyefungwa aonekane kama kidonge huwanasa bila ustadi wowote. Wapo wanaoona hakuna ubaya. Mimi naona kwamba aliyechagua nzi bandia amechagua ugumu wake kwa hiari, na kuvua juu ya sufuria ya chakula kunauondoa ugumu huo wote. Alishe pembe moja, avue pembe nyingine.

Kwa blugili safi, athari ya mvuvi ni ya ndani zaidi. Madume makubwa huwa rahisi kuvuliwa yakiwa kwenye viota, kwa sababu hushambulia chochote kinachosogea. Yakiondolewa, madume madogo hayana tena wa kuyazuia. Hukomaa mapema, huelekeza nguvu kwenye uzazi na kuacha kukua. Yaani bwawa linaweza kudumaa kwa kuvuliwa vibaya hata chakula kikiwapo. Minnesota imepunguza idadi ya sanfishi ambao mvuvi anaruhusiwa kuchukua katika baadhi ya maziwa kwa sababu ya jambo hili. Mwenye bwawa la blugili anapaswa kula wa katikati na kuwarudisha madume wakubwa, kinyume kabisa na anavyotamani kufanya.

Kupima

Zikiwekwa hoja zote pamoja, chotara haondoi kazi ya kulisimamia bwawa. Huitoa mikononi mwa besi na kuiweka mikononi mwa mwenye bwawa. Katika mfumo wa blugili na besi, samaki wenyewe husawazishana, na kazi ya binadamu ni kutowaharibia. Katika mfumo wa chotara, binadamu ndiye mfugaji: analisha, anahesabu anaowachukua, analinda mlango wa maji, ananunua upya. Huo si ubaya. Ubaya ni kuuziwa mfugo kwa maelezo ya mnyama wa porini, na hapo ndipo mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa bwawa lililozidi ekari moja hivi, mimi sioni sababu ya kutosha ya kuacha blugili safi na besi, pamoja na wachache wa sikio jekundu. Gharama ni ndogo, matokeo ni ya kudumu, na samaki wakubwa hupatikana kwa anayejua kuchagua wa kula. Kwa bwawa la chini ya ekari moja, jipya au lililokaushwa likasafishwa, na mwenyewe akiwa tayari kulisha na kununua tena, chotara ni chaguo zuri, hasa kwa anayetaka kufundisha watoto kurusha nzi bandia. Kwa nusu ekari, chotara 250 hadi 375 wanatosha, pamoja na besi 25 hivi ambao kazi yao ni kula vitoto, nao wasitarajiwe kunenepa. Kuwamwaga chotara kwenye bwawa lenye blugili tayari ni hasara ya pande zote: watagombea chakula na watazaliana na wenyeji, na baada ya miaka michache mwenyewe hatajua ana samaki gani.

Sheria nazo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo ofisi ya uvuvi iulizwe kabla ya kuagiza. Muuzaji aulizwe jike lilikuwa la spishi gani na dume la ipi, asilimia ya madume ni ngapi, na wazazi walichaguliwaje. Asiyeweza kujibu hayo hajui anachouza. Na kabla ya kulipa, mnunuzi aende kwenye mfereji wa kutolea maji akautazame unakoelekea. Ukiishia kwenye kijito chenye samaki wa asili, wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba hautoshi siku ya mafuriko, na bwawa hilo lisipandwe chotara.